Yatima wa Porini Katika Nyumba za Watu

Miongoni mwa mambo ambayo elimu ya wanyama haijayatilia maanani ya kutosha katika nchi hii ni desturi ya watu kuwaokota watoto wa wanyama wa porini na kuwalea majumbani. Desturi hiyo ni ya zamani, nayo haichagui tabaka. Ilikuwamo katika nyumba za walowezi na maofisa wa Serikali ya kikoloni, na imo vile vile katika nyumba za wakulima na wafugaji wa Kilolo, Mufindi, Rungwe na Mbarali. Wanaoitazama kutoka mbali hugawanyika makundi mawili. Wengine huisifu kuwa ni huruma kubwa, na kwamba mtoto aliyekua pamoja na ndama wa pongo hawezi kuwa mharibifu wa misitu. Wengine huihukumu kuwa ni ujangili tu, hata kama mwenye kuutenda anatabasamu. Makundi yote mawili yanazungumza juu ya moyo wa mlezi, wala hayazungumzi juu ya mnyama. Swali la kwanza ni jepesi kuliko hayo, nalo ni la sayansi: je, huyo aliyeokotwa ni yatima kweli?

Mara nyingi sana jibu ni kwamba siye. Wataalamu wa tabia za wanyama huwagawa wanyama wenye kwato katika namna mbili kwa jinsi wanavyowatunza watoto wao. Kuna wale ambao mtoto humfuata mama tangu saa ya kwanza. Nyumbu ni mfano wao, kwa kuwa ndama wake husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa na kukimbia pamoja na kundi. Na kuna wale ambao mama humficha mtoto. Pongo, nsya, tohe, na tandala wakubwa na wadogo wanaojulikana sana Ruaha, wote ni wa namna hii ya pili. Mama humlaza mtoto katika nyasi ndefu au chini ya kichaka, kisha huenda zake kula mbali, naye hurudi mara chache tu kwa siku, kumnyonyesha na kumsafisha, halafu huondoka tena. Hufanya hivyo kwa siku nyingi, na kwa baadhi ya aina hizo kwa majuma kadhaa. Kutokuwapo kwake ndiko kunakomlinda mtoto. Harufu ya mama aliyekomaa ni kali na huwaita chui na fisi; harufu ya mtoto mchanga ni hafifu mno, na mama huipunguza zaidi kwa kulamba na kula choo chake ili pasibaki alama yoyote mahali alipolala.

Mtoto naye ana kazi yake katika mpango huo, nayo ni kutulia. Hatari ikikaribia hujibana chini, hushusha masikio, hakimbii wala halii. Kwa kulungu wachanga wa Marekani imepimwa na kuonekana kwamba hata mapigo ya moyo hupungua ghafla wanaposikia hatari. Basi mchunga ng'ombe mwenye umri wa miaka kumi, anayemkuta kiumbe huyo ametulia na macho makubwa, akamsogelea na asimkimbie, hudhani kwamba mnyama amedhoofika kwa njaa au kwamba amemkubali. Yote mawili siyo. Mnyama anafanya kile kile ambacho angemfanyia chui. Mtu humwinua, humchukua nyumbani, na jioni mama anarudi penye kichaka na kukuta nyasi zilizolala. Hapo ndipo yatima anapopatikana, nao ni uyatima wa mama kumpoteza mtoto, si wa mtoto kumpoteza mama.

Yanayofuata nyumbani yanajulikana na kila aliyeishi katika vijiji vya Nyanda za Juu za Kusini. Mtoto wa pongo hupewa jina, hupewa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, hulazwa karibu na moto kwa sababu baridi ya Mufindi na ya Uporoto haina mzaha, na watoto wa majirani huja kumtazama. Baada ya siku chache tumbo huharibika. Aghalabu hufa kabla ya juma kwisha, na wenye nyumba husema kwamba alikufa kwa majonzi. Inawezekana kwamba majonzi yalikuwamo. Hata hivyo sababu tatu za mwili zatosha kumwua pasipo majonzi.

Ya kwanza ni dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Kwa binadamu, sehemu ya kinga ya mama humfikia mtoto tangu tumboni. Kwa wanyama wanaocheua sivyo: kondo la nyuma lao limejengwa kwa namna ambayo chembe za kinga hazipiti, na ndama huzaliwa bila kinga hiyo kabisa. Hana budi kuinywa katika dang'a, tena mapema, kwa maana baada ya muda wa siku moja hivi utumbo hufunga njia ya kuzipokea chembe hizo nzima. Mfugaji wa Usangu analijua jambo hili kwa mikono yake, wala hamnyimi ndama wa ng'ombe dang'a. Lakini haimjii akilini kwamba nsya naye ni mla majani anayecheua, mwenye sharti lile lile. Ya pili ni maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi kuliko ya wengi wa jamaa zake wa porini. Maziwa ya pofu, ambaye huko Askania Nova katika Ukraine wamemfuga na kumkamua kwa miaka mingi, yana mafuta zaidi ya maradufu ya maziwa ya ng'ombe wa kawaida. Mtoto mwenye njaa hupewa kingi cha chakula kidogo kisichomfaa, akahara, akakauka. Ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Ndama mchanga wa wanyama hawa hawezi kukojoa wala kwenda choo vizuri asipolambwa na mama yake chini ya mkia. Mlezi asiyejua kumpangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila baada ya kumnywesha anaweza kumpa maziwa bora ya dunia, na bado akampoteza.

Mambo haya si siri. Yako katika vitabu vya utabibu wa mifugo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huyasoma. Ila yako kwa Kiingereza, na mtoto wa Kilolo anayembeba nsya kifuani hatayafikia huko.

Dunia ilijifunza kuwapenda wanyama yatima kutoka Afrika ya Mashariki, na hapana budi kuyatazama mafunzo hayo kwa macho makavu. Tarehe 1 Februari 1956, katika kaskazini ya Kenya, Bwana Nyama George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba simba huyo alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa na mkewe Joy, akafundishwa kuwinda na kurudishwa porini, na kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1960 kikasomwa na mamilioni. Kwa hiyo yatima mashuhuri kuliko wote alifanywa yatima na bunduki ya nyumba iliyomlea. Jambo hilo halikufichwa na waliohusika, lakini limesahauliwa na wengi waliokuja kuiga.

Vile vile husahauliwa mtu aliyepewa kazi ya kuwatunza wale simba wadogo mchana kutwa. Jina lake lilikuwa Nuru. Katika nyumba za namna hiyo, kutoka Isiolo mpaka Iringa, kulikuwa na watumishi waliochemsha maziwa, waliosafisha mabanda, na waliojua kabla ya bwana na bibi kwamba mnyama leo hakula. Maarifa yao yaliingia katika vitabu vya wengine bila majina, au kwa jina moja tu. Mwaka 1971, huko Kora, simba dume aitwaye Boy, aliyekuwa amezoezwa na watu na kuchezeshwa katika filamu ya kisa cha Elsa, alimwua mfanyakazi wa kambi aitwaye Stanley, na Adamson akalazimika kumpiga simba huyo risasi. Wasomaji wengi wa habari za Kora wanalikumbuka jina la simba. Wachache wanalikumbuka la mtu.

Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Watoto wake watatu, waliokuwa wamekwisha kuwazoea watu, walianza kula mbuzi wa wanakijiji, wakakamatwa na kuhamishiwa Serengeti mwaka huo huo. Hapo pana fundisho ambalo kwa wakazi wa Nyanda za Juu halihitaji maelezo marefu. Katika Njombe, kati ya miaka ya 1930 na 1947, simba walikula watu kwa wingi usio na kifani. George Rushby, Bwana Nyama aliyetumwa kuwaua, alikadiria waliokufa kuwa 1,500 hivi. Imeelezwa na wengi kwamba Serikali ya wakati ule iliwaua wanyama wa porini kwa wingi ili kuizuia sotoka isisambae, na simba wakakosa mawindo. Hesabu ya Rushby yaweza kubishaniwa, lakini kumbukumbu ya Wabena haibishaniwi. Mzee ambaye shangazi yake alichukuliwa mlangoni hawezi kumtazama mtoto wa simba aliyepakatwa kwa macho ya mtalii, wala hastahili kuambiwa kwamba hana huruma.

Kumzoea mtu ndiko kiini cha taabu yote. Mwaka 1935 mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, alieleza jinsi vifaranga wa bata bukini wanavyomfuata na kumshika yule wa kwanza wanayemwona baada ya kuanguliwa, hata akiwa binadamu, na kwamba mwelekeo huo huwa mgumu kufutika. Kwa kazi zake juu ya tabia za wanyama alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Wanyama wanaonyonyesha hawafuati kanuni hiyo kwa ukali ule ule, lakini hawako mbali nayo. Pongo dume aliyelelewa jikoni hajui kwamba yeye ni pongo. Akiwa mdogo hufuata watoto mpaka shuleni na kijiji kizima hucheka. Akifika utu uzima na pembe zikakomaa, humwona mwenye nyumba kuwa ni dume mwenzake anayeshindana naye, na pembe za pongo zimekwisha kuwaua mbwa wengi wa wawindaji. Hata mnyama wa kufugwa hufanya hivyo: utafiti uliochapishwa mwaka 1990 juu ya mafahali wa aina ya Hereford ulionyesha kwamba waliolelewa kwa chupa na kutengwa na wenzao walikuwa wakali kwa watu kuliko waliokua pamoja na wenzao. Ikiwa fahali, ambaye mababu zake wameishi na watu kwa maelfu ya miaka, hupotoka hivyo, pongo wa kizazi cha kwanza ataachaje? Na nyani ni mbaya zaidi, kwa kuwa akili yake ni kubwa na meno yake ni marefu. Mwisho wa nyani wa nyumbani karibu kila mara ni mnyororo kiunoni.

Kuna pia jambo la maradhi, ambalo huenda pande mbili. Watu huogopa kichaa cha mbwa, nao wana haki. Lakini ni wachache wanaofikiri kwamba nyumba inaweza kumwambukiza mnyama. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua kiasi cha theluthi moja yao, wapatao 1,000, na mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi ndio waliodhaniwa kuwa chanzo chake. Mbwa mwitu, ambao Ruaha ni mojawapo ya makao yao makubwa yaliyobaki duniani, huweza kuangamizwa na ugonjwa huo huo. Mtoto wa mbwa mwitu au wa simba aliyelala mwezi mzima pamoja na mbwa wa kijiji cha Pawaga, kisha akaachiliwa kwa nia njema, anaweza kuwa mjumbe wa kifo kwa kundi zima. Katika eneo hilo la Iringa, tangu mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis wameshirikiana katika mradi wa HALI kuchunguza maradhi yanayohama kati ya wanyama wa porini, mifugo na watu, yakiwamo kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kuitangulia huruma.

Haifai, hata hivyo, kutokana na hayo yote kufikia uamuzi wa haraka kwamba kila mtoto wa mnyama aachwe alipo. Yatima wa kweli wapo, na wengi wao ni kazi ya mikono ya watu. Mtego wa waya uliotegwa kwa ajili ya nguruwe haumchagui wa kumnasa. Tembo wa eneo la Ruaha na Rungwa walihesabiwa kuwa 20,000 hivi mwaka 2013, na hesabu ya 2015 ikatoa wapatao 15,800; kila jike mwenye pembe aliyeuawa na majangili katika miaka ile, akiwa ananyonyesha, aliacha ndama.

Kwa tembo sayansi imepata mengi, nayo imeyapata kwa gharama. Kwa muda mrefu ndama wa tembo waliokuwa bado wananyonya walikufa wote mikononi mwa watu, kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayawapatani. Daphne Sheldrick, aliyekulia Kenya katika nyumba iliyojaa wanyama na kuishi Tsavo pamoja na mumewe David, alijaribu mchanganyiko baada ya mchanganyiko mpaka mwaka 1974, alipofaulu kumlisha ndama aitwaye Aisha kwa maziwa ya unga yaliyotiwa mafuta ya nazi. Aisha alistawi. Kisha mlezi wake aliondoka kwa siku chache kwenda kwenye arusi ya binti yake, na ndama aliyemzoea mtu mmoja tu akaacha kula, akafa. Tangu hapo, katika kituo cha Nairobi cha mfuko ulioanzishwa mwaka 1977 kwa jina la David Sheldrick, walezi hupokezana zamu, hulala na ndama usiku kwa kubadilishana, ili ndama awe na familia wala asiwe na mama mmoja wa kibinadamu. Na walezi hao leo wanajulikana kwa majina yao, jambo ambalo ni maendeleo.

Lakini maziwa si yote. Karibu na Nyanda za Juu, katika Hifadhi ya Mikumi, uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, ambao miongoni mwa waliouandika ni Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ulipima homoni katika kinyesi cha tembo majike ambao kundi lao lilivunjwa na ujangili wa kabla ya mwaka 1989. Takriban miaka 15 baada ya ujangili ule kupungua, majike wasio na jamaa wa damu wala bibi wa kuwaongoza walikuwa na dalili kubwa zaidi za mfadhaiko, na walizaa kidogo kuliko waliobaki na ukoo wao. Hao hawakuokotwa na mtu yeyote, walibaki porini, wakala majani yao wenyewe. Kilichokosekana ni elimu ya mkubwa: mahali penye maji mwaka wa ukame, na sauti ipi ni ya kukimbiwa. Katika bonde la Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka sehemu yake ya hifadhini wakati wa kiangazi, elimu hiyo ya maji ndiyo uhai wenyewe. Hakuna chupa inayoweza kuitoa.

Sasa sheria inasemaje? Tangu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na baada yake ile ya mwaka 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Msingi huo ni mzuri, nao unalingana na ahadi iliyotolewa na Julius Nyerere katika Azimio la Arusha juu ya wanyama la Septemba 1961, kwamba nchi hii itawatunza kwa niaba ya watoto na wajukuu. Kasoro haimo katika msingi bali katika hatua ya pili. Mkulima wa Mbarali, ambaye kijiji chake kinapakana na hifadhi iliyopanuliwa mwaka 2008 kwa kuongezewa Usangu, na ambaye kwa miaka mingi amezoea kukutana na askari wa wanyamapori kama mshitakiwa, anapomkuta ndama wa tandala kando ya mama aliyekufa kwenye waya ana njia tatu: amwache afe, amchinje, au amfiche nyumbani. Njia ya nne, kwenda kutoa habari, imo katika sheria, lakini yeye huiona kuwa ni kwenda kujibu maswali: waya ulikuwa wa nani, nawe ulifuata nini huko? Kwa hiyo habari haifiki, na pamoja nayo hupotea kila ambacho taifa lingejifunza: mahali mitego ilipo, aina gani inanaswa, na mwezi gani.

Hoja ya wapinzani wa kulegeza jambo hili ina nguvu, nayo isidharauliwe. Ukimruhusu mtu kuleta mnyama bila kuulizwa, watasema, kila jangili atakayekutwa na mtoto wa mnyama atadai kwamba alimwokota. Ni kweli kwamba watakuwapo wa hivyo. Walakini mtu anayetoa habari mwenyewe siku ile ile, asiyedai malipo, na asiyemtoa mnyama mahali alipo mpaka aambiwe, hafanani na mtu anayekamatwa barabarani na gunia linalotikisika. Kutofautisha watu hao wawili ni kazi ya kawaida ya dola. Afisa wanyamapori wa wilaya anaweza kuwa na daftari, na mwenyekiti wa kijiji simu yake. Kinachohitajika ni tamko lililo wazi kwamba atoaye habari mapema hatashitakiwa kwa kutoa habari.

Wanaoshuku kwamba wanakijiji wana cha kuwafundisha wataalamu wakumbuke habari ya kipunji. Nyani huyo mwenye nywele ndefu alijulikana na wawindaji wa mlima Rungwe kwa jina hilo, na kwa muda watafiti walidhani ni kiumbe wa hadithi. Alithibitishwa na sayansi kati ya miaka ya 2003 na 2005, Rungwe na Kitulo upande mmoja, na msitu wa Ndundulu katika Udzungwa upande wa Iringa. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, na ushahidi uliowezesha hayo ulitoka kwa dume mmoja ambaye hajakomaa, aliyekufa katika mtego wa mkulima kando ya shamba la mahindi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuwa kipunji 1,100 hivi tu. Mkulima yule angeweza kumtupa mbwa mzoga na kunyamaza, na elimu ya dunia ingengoja. Hapohapo habari hiyo inaonyesha upande wa pili: kwa aina yenye idadi ndogo namna hiyo, mtoto mmoja anayefugwa kwa kamba katika kijiji cha Rungwe si jambo la kuchekesha.

Kuhusu watoto wa binadamu wanaokua katika nyumba zenye wanyama, hapana shaka kwamba wengi wao hupata jicho la uchunguzi mapema. Mtoto aliyemlisha nsya hujua, kabla ya kufundishwa, kwamba mnyama hucheua na kwamba ana tezi mbele ya jicho. Lakini ni kosa kudhani kwamba jicho hilo haliwezi kupatikana pasipo kumnyang'anya mama mtoto wake. Mwalimu wa shule ya msingi ya Ipinda au ya Ifunda ana vinyonga, viota na nyayo za kutosha kwa miaka yote ya masomo. Na mtoto aliyemkuta ndama nyasini akarudi nyuma hatua hamsini, akaketi upande upepo unakokwenda, anaweza kuyaona machweo ambayo aliyelea pongo jikoni hakuyaona kamwe.

Kijitabu kidogo cha Kiswahili, kurasa kumi tu, chenye picha za ndama wanaofichwa na wasiofichwa, namna ya kumjua aliye yatima kweli, na nini kisifanywe katika saa za kwanza, kingegharimu Serikali fedha kidogo kuliko kesi moja ya mahakamani. Wataalamu wa kukiandika wapo Morogoro, wapo Mweka, na wapo katika Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori ya Arusha. Gumu zaidi ni mahali pa kumpeleka yule ambaye kwa kweli hana mama. Uganda ilianzisha kituo cha Entebbe mwaka 1952 kwa ajili ya wanyama wa namna hiyo, na kisiwa cha Ngamba kimepokea sokwe yatima tangu 1998. Kwa Nyanda za Juu, bustani ya wanyama ya Serikali inayokumbukwa na wengi ni ile ya Ruhila, Songea. Kutoka Mbarali mpaka Songea kupitia Makambako na Njombe ni safari ya siku nzima kwa basi, na ndama mchanga hawezi kukaa nusu ya siku hiyo bila maziwa.